Usiku wa Saa Tano Asubuhi

Jumapili, 17 Februari 1952

Siku kubwa. Naandika polepole ili wajukuu wasome bila shida.

Baada ya sala, Papa Sebarenzi alituita mimi na Hakorimana nyuma ya kapela. Alisema amechoka. Familia mbili zinamwomba binti yake Emérita, naye hawezi kukatwa vipande. Mimi namtaka kwa ajili ya mwanangu Théogène. Hakorimana anamtaka kwa ajili ya mwanawe mwenye masikio makubwa, lakini mambo ya masikio si ya kuandika hapa. Basi Sebarenzi akatoa amri. Jumatatu ya juma lijalo, jioni, kila mmoja wetu alete kwake mtungi wa kasiksi. Yeye na ndugu zake wataonja. Mwenye pombe nzuri atafunguliwa mazungumzo ya ndoa. Mwingine atafute kwingine. Hakuna kuahirisha, kwa sababu Jumatano yake ni Jumatano ya Majivu, na nyumba ya Sebarenzi haigusi pombe Kwaresima nzima.

Nilifurahi mpaka nikasahau kuaga. Nani hapa Kalembe ananishinda kutengeneza pombe ya ndizi? Hayupo! Mimi ni Evode Kanyamibwa, zamani kapita wa barabara, msimamizi wa vibarua, mtu niliyepewa filimbi na Serikali. Filimbi bado ninayo. Hakorimana ana nyumba ya mabati. Mabati hayakamui ndizi.

Théogène alikuwa akinisubiri nyumbani. Hasemi kitu tangu alipomwona Emérita akitoka mtoni na kikapu cha mihogo iliyolowekwa. Hali chakula vizuri. Amekonda mpaka shati linaning'inia. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, mke ameshapatikana. Akacheka kidogo, na sikumbuki alicheka lini mara ya mwisho. Moyo wangu ulijaa kabisa. Kwa ajili ya kicheko kile nitakamua ndizi za Masisi yote na za Walikale pia.

Jumatatu, 18 Februari

Shimo tayari. Nimelichimba mwenyewe (Théogène alishika jembe, mimi nilisimamia). Tumelipasha moto, tumetandika majani, tumepanga mikungu, tumefunika na udongo. Ndizi zitakaa humo gizani mpaka ziive. Jumamosi tutazikamua tupate mutobe, maji matamu ya watoto. Tutatia unga wa mtama uliokaangwa, kisha pombe italala.

Hapo ndipo siri ilipo. Kasiksi hulala mara mbili. Ikilala mara moja tu, bado ni mutobe wenye kiburi. Ikilala mara mbili, ni kinywaji cha wanaume. Jumamosi italala, Jumapili italala, Jumatatu Sebarenzi atanikumbatia.

Hakorimana naye amefunika shimo lake. Amekaa karibu nalo kama kuku anayeatamia. Mwoga.

Jumatano, 20 Februari

Leo wamepita watu wa Walikale na mawese yao. Niliwafungulia shimo waone ndizi zangu. Jana nililifungua kwa ajili ya shemeji. Mtu hawezi kupita kwa Kanyamibwa na kuondoka bila kuona kitu.

Mke wangu Mukasine alisema shimo likifunguliwa linapoa. Aliniuliza: "Papa Théogène, weye unafungua shimo sawa mulango ya posta?" Nilimweleza kwamba kazi nzuri haifichwi. Akaenda kupalilia maharage. Mwanamke mwema, ila hana jicho la mbali.

Ijumaa, 22 Februari

Msiba! Nimefungua shimo (kwa kukagua tu) na ndizi ni kijani. Ngumu! Nimebonyeza moja, ikanibonyeza yenyewe.

Mukasine alisema neno moja tu: "Nilisema." Heri angesema mia.

Tumewasha moto upya na kufunika upya. Zitaiva Jumapili, si kabla. Maana yake pombe italala mara moja tu. Nitapeleka mutobe mbele ya wazee wa Kalembe, na mwana wa masikio atamchukua Emérita. Théogène alisikia hesabu hiyo. Aliweka jembe chini akaketi juu yake. Nilitamani anilaumu, angalau. Hakunilaumu.

Jioni Hakorimana alikuja. Eti amesikia. Eti ndizi zake zimeiva nyingi kuliko mtungi wake. Alisema: "Kaka, kuya ukamate zingine kwangu. Mashindano iko mashindano, lakini tuko majirani." Nilimwangalia machoni mpaka akashindwa. Mtego huo! Sijui ni mtego gani, lakini ni mtego. Nilimjibu kwamba kwangu hakuna upungufu. Akaondoka taratibu, kama watu wabaya wanavyoondoka.

Jumamosi, 23 Februari

Nimeokoka! Na akili yangu ndiyo iliyoniokoa.

Nilipita shuleni asubuhi. Mwalimu Jean-Bosco alikuwa akishika vipande vya vioo juu ya koroboi, vinapata masizi. Nikamuuliza kama amerukwa. Akasema ni kwa ajili ya wanafunzi kutazamia jua keshokutwa. Jumatatu, karibu saa tano asubuhi, mwezi utapita mbele ya jua na kulifunika. Kutakuwa na giza. Nyota zitaonekana. Kuku watapanda kulala.

Nikamuuliza: giza kama la usiku? Akasema kama la usiku kabisa, kule Ubangi. Kisha akachukua chaki, akaanza kuchora duara na mistari, mambo ya kaskazini, na sisi huku Kivu, na kipande, na nini. Lakini mimi nilikuwa nimeshafika barabarani. Nilichokuwa nahitaji nimeshakipata. Usiku!

Hesabu ni nyepesi. Kasiksi inahesabiwa kwa usiku, hilo kila mtoto analijua. Sijawahi kusikia mtu akisema pombe yake imeshinda mara mbili. Husema imelala. Basi Jumapili usiku italala mara ya kwanza, na Jumatatu saa tano asubuhi mara ya pili. Jioni naipeleka imeiva. Hakorimana ana ndizi, mimi nina mbingu.

Mukasine aliuliza usiku huo utakuwa wa urefu gani. Nilimwambia usiku ni usiku. Akauliza tena pombe inaivishwa na giza ao na joto na muda. Nilimwambia hakusoma. Akasema hata mimi sikumaliza. Mazungumzo yakaishia hapo.

Jumapili, 24 Februari

Tumekamua mchana kutwa. Katekista alipita, akatuona tumejaa ndizi mpaka viwikoni, akauliza kama tumesahau ni siku ya Bwana. Nilimjibu kwamba ndoa ni sakramenti, na kazi hii ni ya ndoa. Alisimama muda mrefu akifikiri. Alipoondoka alikuwa bado anafikiri.

Mutobe mtamu sana. Unga wa mtama umeingia. Chombo kimefunikwa kwa majani ya ndizi na blanketi letu, ambalo ni moja. Tutavumilia baridi.

Nimewapa watu wangu maagizo ya kesho. Usiku wa mchana usifanywe nusu nusu. Pombe inaijua nyumba iliyolala na nyumba inayojifanya. Kwa hiyo mlango utafungwa. Moto utafunikwa majivu. Kuku ndani. Watu wote kulala chini, hakuna kusema, hakuna kukohoa. Nikipiga filimbi mara moja, ni usiku. Nikipiga mara mbili, kumekucha. Atakayeinuka kabla ya filimbi ya pili ameharibu ndoa ya Théogène.

Théogène aliapa hatainuka hata nyumba ikiungua. Mtoto mtiifu! Amenirithi mimi.

Jumatatu, 25 Februari

 Nitaandika yote kwa mpangilio.

Asubuhi mbingu safi, hakuna wingu hata juu ya msitu. Nilijua mbingu ziko upande wangu. Saa nne na nusu nilitazama kivuli cha nyumba, nikaona mwanga umeanza kuwa mwembamba. Nikapiga filimbi. Tukasali sala ya jioni, nikawatakia usiku mwema, tukalala. Mukasine alilala akinitazama. Théogène alisumbuliwa na nzi, akajinyoosha chali na kujifunika kitambaa cheupe mpaka usoni. Sikuona ubaya wowote.

Mimi nilichungulia kwenye ufa. Mwanga uligeuka kabisa, rangi ya maji yaliyooshewa mihogo. Chini ya parachichi, vile vidoa vya jua vinavyopita kwenye majani vilikuwa vimepinda kama mundu, mamia yake, vimetawanyika ua mzima.  Nilijivunia kuwa nimeona kitu kile.

Lakini giza halikuja! Nilisubiri. Kuku walianza kupiga kelele ndani wakitaka kutoka. Jogoo alinitazama kama Mukasine. Nikajiambia kwamba hata usiku wa kawaida hauingii mara moja.

Hapo akaja jirani, Mama Anastasie, kuomba kaa la moto. Alikuta mlango umefungwa mchana. Jiko limefunikwa majivu. Hakuna sauti. Akapiga hodi. Akaita: "Benye nyumba beko?" Hakujibiwa, maana nilikuwa nimekataza. Akachungulia kwenye matete ya ukuta, akamwona Théogène amenyooshwa chali na kitambaa cheupe usoni. Na juu ya kichwa chake mwenyewe jua linaliwa. Angefikiri nini? Alipiga yowe la kilio, akilitaja jina la Théogène.

Hapa kwetu yowe la kilio halikai mlima mmoja. Mlima wa pili ulilipokea, na wa tatu. Mukasine aliinuka nusu. Nilimwonyesha kwa kidole alale. Usiku haujaisha! Yeye alinionyesha kidole kingine.

Kufumba na kufumbua ua ukajaa. Wanawake wanalia, wanaume wamevua kofia. Katekista ameanza litania. Mimi bado nimelala. Nilifikiri: kama pombe imelala kweli, hata kilio hakitaiamsha, na nikiinuka sasa nimeharibu ndoa kwa mkono wangu. Mtu mdogo angeinuka. Mimi sikuinuka.

Kisha nikasikia hatua nzito. Hakorimana na ndugu zake, wamebeba mtungi kwenye mti. Mtungi wake wa Sebarenzi! Uleule! Kwetu huwezi kwenda kwenye msiba mikono mitupu, na yeye hakuwa na kitu kingine tayari. Aliutua uani kwangu. Akasema mbele ya watu wote, na sauti yake ilikatika: "Kaka Kanyamibwa, mutoto wako njo alikuwa mutoto wangu."

Nilifuta machozi kwa kiganja, nikiwa nimelala palepale. Naandika hilo kwa sababu ni kweli. Pia naandika kwamba harufu ya pombe yake iliingia kwenye ufa, na ilikuwa harufu nzuri sana. Nayo ni kweli.

Halafu Emérita akaja. Nilimsikia kabla ya kumwona. Aliteremka mlima mbio, kitambaa cha kichwa kimeanguka, anaita. Hakuita mwana wa Kanyamibwa. Aliita jina, mbele ya baba yake na baba zake wadogo: "Théogène! Ulisema utaningojea! Sasa unaniachia nani?" Akaanguka mlangoni, akaupiga mlango kwa viganja.

Watu wote wakageuka kumtazama. Hata katekista.

Na mwanangu, aliyeapa hatainuka hata nyumba ikiungua, akainuka. Akafungua mlango na kitambaa cheupe bado kiko kichwani.

Ole wetu! Wanaume wazima waliingia kwenye maharage yangu na kuyalaza chini. Katekista alipanda juu ya zizi la mbuzi na litania yake. Mama Anastasie alikaa chini palepale akaanza kutubu dhambi ambazo sitaziandika. Mimi nilitoka nikapiga filimbi mara mbili, kutangaza kumekucha. Haikusaidia.

Emérita peke yake hakukimbia. Alivuta kitambaa, akamwangalia Théogène, akampiga kofi. Kisha akamshika shati kwa mikono yote miwili, akaweka uso wake pale kifuani, akalia upya. Théogène alisimama kama mti, anacheka na machozi yanatoka. Miaka ishirini na tatu nimemlea, sijawahi kumwona na uso ule.

Watu walirudi mmoja mmoja kutoka kwenye maharage. Papa Sebarenzi akasogea mbele. Akauliza: "Basi ni nani njo alikufa?"

Wote wakanitazama mimi. Hapo ndipo mtu aliyekuwa kapita anaonekana. Nilijibu bila kusita: ni jua. Nyumba yangu, peke yake katika Kalembe yote, imeliomboleza jua lilipokuwa taabani, na tazameni, linapona. Na kweli mwanga ulikuwa unarudi! Wengine walianza kuitikia amina. Mwalimu Jean-Bosco, aliyekuwa amefika na kioo chake cha masizi, alisema taratibu kwamba Kivu tulikuwa tupate kipande tu, na kwamba aliniambia Jumamosi. Nilimwambia huu si wakati wa shule.

Mukasine akatoka, akaeleza yote. Yote! Shimo, filimbi, blanketi. Ua mzima ulicheka mpaka mbuzi wakaanza kulia.

Sebarenzi hakucheka. Alimgeukia Hakorimana, akamwambia hakuna msiba, kwa hiyo abebe mtungi wake, jioni wataonja kama walivyopatana.  Théogène alikuwa bado ameshikwa shati.

Hakorimana alitazama mtungi. Akamtazama mwanawe. Kijana alishusha kichwa, kisha akakitikisa. Hakorimana akasema: "Papa Sebarenzi, pombe ya kilio hairudiake nyumbani. Na uyu mutoto amesha kulia mbele ya bantu bote. Mimi siwezi kupeleka kwangu binti mwenye kulilia muntu ingine."

Sebarenzi akaketi karibu na mtungi. Halafu akaomba kibuyu.

Tukaunywa mtungi wa Hakorimana uani kwangu, mpaka chini. Pombe bora kabisa. Sebarenzi alionja na yangu, kwa heshima. Akakiondoa kibuyu mdomoni polepole, akasema: "Hii iko mutobe, Papa Théogène. Pea batoto." Watoto waliimaliza, na nyuki wakawasaidia.

Jumatano, 27 Februari, Majivu

Tumepakwa majivu. Padri alipofika kwangu alikaza midomo. Nafikiri katekista amemwambia, na alikuwa anazuia mshangao.

Kalembe nzima inanisalimia. Wananiita Papa Usiku. Jina la heshima. Hata watoto wanapiga filimbi kwa midomo ninapopita.

Sebarenzi amesema Pasaka ikipita twende tufungue mazungumzo, harusi iwe mwaka ujao. Théogène amekula leo sahani mbili za maharage na kuomba ya tatu. Nilimtazama akila mpaka chakula changu kikapoa.

Nimekaa nikapima mambo yote. Hesabu yangu haikuwa na kosa. Nisingefunga mlango, Anastasie asingepiga yowe. Asingepiga yowe, Hakorimana asingeleta mtungi, wala Emérita asingelia. Kila kitu kilitoka kwenye mpango wangu, kimoja baada ya kingine. Jua ndilo halikutimiza sehemu yake. Giza lote limepelekwa Ubangi, huku tukaachiwa kipande. Siku zote ni hivyo, vitu vizuri vinaishia njiani.

Mukasine anasema nikamshukuru Hakorimana. Nimemwambia ni yeye anayepaswa kunishukuru. Bila mimi angejulikanaje kuwa ana moyo mwema?

Alhamisi, 28 Februari

Habari kubwa kuliko zote!

Nimemkuta mwalimu Jean-Bosco shuleni. Nilimuuliza kama mbingu zina kitu kingine mwaka huu ao ujao. Hakutaka kusema. Nilimsihi sana. Mwishowe akakiri kwamba mwakani, mwisho wa Januari, mwezi wenyewe utafunikwa, wote mzima, na hapa kwetu Kivu tutauona, si kipande. Na itatokea usiku wa manane.

Usiku wa manane! Usiku ndani ya usiku! Niliondoka kabla hajachukua chaki.

Pombe itakayowekwa jioni ile italala mara mbili kabla ya jogoo. Nani aliyewahi kufanya hivyo? Hakuna. Nimekwenda moja kwa moja kwa Papa Sebarenzi kumtangazia kwamba harusi iwe asubuhi yake, na kwamba pombe yote ya harusi nitaitengeneza mimi, kwa siku moja. Alinishika bega muda mrefu, macho akiyainua mbinguni. Furaha imemzidi.

Filimbi nimeipaka mafuta. Shimo nitachimba kubwa zaidi, lenye mlango, ili wageni waone vizuri.

Nilipomweleza Mukasine, alijifunga kitenge, akachukua mitungi yetu miwili mitupu, akasema anakwenda kwa Hakorimana kumwomba atutengenezee pombe ya harusi mapema. Nimemruhusu. Lazima wageni wapate kitu cha kulinganisha na yangu.